Betri za kawaida au za kuchaji? Nimeshaliwa hela pande zote mbili, njooni tuelekezane

Fleshi ya Moro:

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Jana nimefungua droo natafuta mkasi nikakutana na betri kama kilo mbili hivi, zingine zimevimba, zingine zimetoa unga mweupe, zingine sijui hata kama zina moto au hazina, na kila moja nakumbuka nilitoa hela mfukoni. Nikasema hii lazima niilete humu maana najua siko peke yangu.

Mimi riziki yangu ni picha, harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo, na fleshi yangu inakula betri nne za AA kwa mpigo (zile za saa ya ukutani, siyo zile nyembamba za rimoti). Nilivyoanza kazi nlikuwa nanunua za kawaida za bei chee, boksi zima, najiona mjanja. Basi bwana, kuna harusi moja Kihonda, keki imekatwa, bi harusi anamlisha shangazi, nikapiga ya kwanza ikatoka safi, ya pili fleshi inalia tu iiiiiii, kitaa chekundu hakiwaki, shangazi ametafuna, amemeza, amefuta mdomo, karudi kukaa kwenye kiti chake, ndo kitaa kinawaka eti kiko tayari. Albamu ile mpaka leo haina picha nzuri ya shangazi akilishwa keki, na shangazi ndo alikuwa amenipa advansi.

Kumbe betri hazikuwa zimeisha. Zile za kawaida (pembeni utaona imeandikwa R6, bila L mbele) hazijui kutoa umeme mwingi kwa haraka. Ukizivuta kidogo kidogo zinakupa, ukizivuta kwa nguvu volti inaanguka palepale. Nikahamia alkalaini, zile za LR6, hali ikawa afadhali, ila nazo kadri zinavyotumika ndo zinavyozidi kuchelewa, harusi ikifika kwenye zawadi nabadilisha seti ya pili, na seti moja nlikuwa nanunua 6,000.

Ndo nikaingia kwenye za kuchaji na hapo nikapigwa vizuri. Kuna jamaa anatembeza mtaani, akaniuzia nne na chaja juu, zimeandikwa 4800mAh (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba) maandishi makubwa kama namba ya daladala. Nikachaji usiku kucha, kesho yake nikapiga picha kama arobaini zikalala. Nikadhani nimekosea kuchaji, nikarudia, thelathini. Nna rafiki yangu sonara, nikampelekea akaiweka moja kwenye mzani wake wa dhahabu, gramu 15. Baadae nilivyopata nzuri tukapima tena, gramu 26 na ushee. Yaani ile feki karibu nusu yake ilikuwa hewa. Wakuu shikeni hili, AA ya kuchaji ya NiMH (hizi za kuchaji za kawaida za volti 1.2) ya ukweli hata ile kubwa kabisa inacheza kwenye 2,500 mpaka 2,700, ukiona 3,500 au 4,800 jua wameandika namba ya kumfurahisha mteja. Ninazotumia sasaivi zimeandikwa 1,900 tu, kinyonge kabisa, na zinapiga harusi mpaka watu wa masufuria wanapakia gari.

Na kitu kingine, za kuchaji za zamani zilikuwa zinapoteza chaji zikiwa zimekaa tu, unachaji leo, mwezi ujao unakuta kama robo imeshaondoka na hujazigusa. Mwaka 2005 Sanyo wa Japani wakatoa Eneloop ambazo ukiziweka kabatini mwaka mzima unakuta sehemu kubwa ya chaji bado ipo (siku hizi Eneloop ni ya Panasonic maana waliinunua Sanyo), na kampuni zingine zikafuata njia hiyohiyo. Kwahiyo mtu akikuponda kuhusu betri za kuchaji muulize alitumia lini na zilikuwa zipi.

Ila sasa, kwa kujiona nimeshaelewa nikageuka mhubiri, nyumba nzima nikaweka za kuchaji. Saa ya ukutani, rimoti ya king'amuzi, mashine ya presha ya mama, hadi tochi ya mlinzi. Huko nako nikaliwa. Ngoja niishie hapa kwanza umeme unachezacheza, waliotumia watoe ushuhuda nitarudi.

Kiberiti Kavu:

Mkuu stori tamu ila tupe jibu, mimi ninunue zipi? Nna rimoti, saa, na gari la mtoto la kuchezea.

Fleshi ya Moro:

Hebu niambie kwanza, kila kimoja betri zinakaa muda gani?

Kiberiti Kavu:

Rimoti sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Saa labda mwaka. Gari la mtoto siku mbili, na hapa tunavyoongea kashachomoa za rimoti kaweka kwenye gari.

Fleshi ya Moro:

Za kuchaji mnunulie mtoto. Rimoti na saa achana navyo.

Mzee wa Hesabu:

Naunga mkono hoja ya hapo juu na naweka namba. Tuseme betri nne nzuri umepata kwa 36,000 na chaja ya maana 45,000, jumla 81,000. Mleta mada yeye harusi moja ilikuwa inamla 6,000 na hapo nimemhesabia seti moja, 81,000 gawa kwa 6,000 ni harusi 13 na nusu, kwa msimu wa harusi Moro hapo hajafika hata mwezi wa tisa hela yake imerudi. Sasa njoo kwenye saa ya ukutani, betri moja ya 500 kwa mwaka, 81,000 gawa kwa 500 ni miaka 162. Mjukuu wa kitukuu chako ndo atakuja kula faida kama saa itakuwa bado ipo.

Na umeme msije mkauhesabu sana, betri moja ya AA ina kama wati-saa mbili na nusu hivi, hata ukijumlisha na unaopotea kwenye joto la chaja, uniti moja ya Luku inachaji betri zaidi ya mia. Gharama ipo kwenye kununua, siyo kwenye kuchaji.

Fundi Maiki:

Mimi ni wa mitambo kanisani, maiki nne zisizo na waya, kila moja AA mbili, ibada tatu Jumapili na mazoezi ya kwaya Jumatano na Jumamosi. Zamani mhasibu wa kanisa alikuwa akiniona anabadilisha njia maana kila wiki naomba hela ya betri. Mwaka wa nne huu natumia za kuchaji na hata risiti sijampelekea.

Lakini kuna mambo mawili watu wanazembea. Chaja za bei rahisi zinachaji betri mbilimbili, ukiweka moja imeisha na nyingine imebaki nusu haijui, inazipa sawa, hii inashiba mpaka inachemka na ile inabaki na njaa. Tafuta chaja ambayo kila tundu lina taa yake na linajitegemea. Na msishobokee chaja ya kumaliza kwa dakika chache, betri zinatoka za moto huwezi kushika, hazimalizi mwaka. Mimi naweka Jumamosi jioni nachomoa asubuhi, taratibu.

La pili ndoa. Mkicheka sawa. Betri zikianza kazi pamoja zisiachanishwe, nimezipaka rangi ya kucha ya mke wangu, hizi mbili nyekundu, hizi mbili zambarau, hizi mbili nukta mbili nyeupe. Ukichanganya nzima na iliyochoka, ile iliyochoka inamalizika mapema na mwenzake anaendelea kuisukuma mpaka inageuka upande, chanya inakuwa hasi, ukija kuchaji inagoma. Mchungaji msaidizi aliwahi kuchomoa moja akaweka kwenye saa ya ofisini kwake na sijawahi kuipata mpaka leo.

Kiberiti Kavu:

Hahahaha mke wako anajua rangi zake zimeenda wapi?

Fundi Maiki:

Anajua. Zambarau ndo ilileta shida.

Babu wa Ruvuma:

Wanangu hamjambo. Mnaongelea betri za fleshi na maiki, sisi tumekula chumvi na redio ya betri nne kubwa, National nyekundu zilizotengenezwa hapahapa Dar kwenye kiwanda cha Matsushita. Betri zikilegea redio inaanza kuongea kama mtu ana mafua, unazitoa unazianika juu ya bati, saa saba mchana, taarifa ya habari ya jioni unaipata. Zikigoma kabisa unazibonyeza kwa meno pembeni, ukiona mzee ana meno yameliwa upande mmoja muulize kama alikuwa na redio. Na zikifa moja kwa moja tunazipasua, kile kijiti cheusi cha katikati kilikuwa chaki yetu ya kuandikia ukutani, fimbo tulizochapwa kwa ajili ya kile kijiti ni nyingi.

Sasa mjukuu wangu kaniletea za kuchaji kubwa kama zile, nimeziweka zimeongea siku nne tu wakati za tiger, zile za kawaida zisizochajiwa, zilikuwa zinamaliza wiki tatu. Nimeibiwa au redio yangu ndo imezeeka?

Fleshi ya Moro:

Shikamoo babu. Hujaibiwa na redio haina kosa. Hizo kubwa za kuchaji nyingi ndani yake ni betri ndogo ya AA imevalishwa koti, ishike mkononi utaona ni nyepesi. Kubwa ya kawaida ina mzigo mara mbili tatu ya huo na ya alkalaini ndo zaidi kabisa. Kwa redio hiyo baki na tiger zako tu babu, au mwambie mjukuu akuwekee kisola kidogo chenye waya wa redio.

Na kuanika juani babu mlikuwa sahihi, joto linaifanya dawa ya ndani ichangamke na kusogea, unapata kasaa kamoja mawili. Ila umeme mpya hauingii, mnakusanya yale mabaki tu.

Babu wa Ruvuma:

Marahaba. Kisola kipo kinachaji simu za mtaa mzima, sitaki kukipa kazi nyingine.

Mtoto wa Nakuru:

Wasee niaje, huku kwetu hizo tunaita mawe. Mawe ya redio, mawe ya tochi, ukienda dukani useme betri muuzaji anaweza kukuuliza ya gari ama ya nini. Mimi nimekulia Nakuru, Eveready walikuwa na kiwanda hapa, ile ya paka anaruka ndani ya namba 9, kilifungwa 2014 wakabaki kuagiza kutoka nje. Siku hizi hata shosho ana tochi ya kuchaji ama taa ya sola, mawe yamebaki ya saa na rimoti. Hiyo nadhani ndio ilimaliza soko kuliko hata hizi rechaji mnabishania.

Swali langu ni hizi mpya za lithiamu zenye tundu la USB pembeni, unachomeka waya wa simu moja kwa moja. Ziko poa ama ni za kupiga watu?

Kopo la Risasi:

Mkuu wa Nakuru nimezitumia mwaka na nusu, ziko poa kwa baadhi ya vitu. Ndani kuna lithiamu ya volti 3.7 na kasakiti kanashusha iwe 1.5, kwahiyo kifaa kinaona 1.5 mwanzo mpaka mwisho, haipungui, afu ghafla puu, kimya. Mtego upo kwenye namba, wanaandika 3,000mWh (hiyo ni mAh mara volti) na mtu anasoma kama mAh. Gawa kwa 1.5, unapata 2,000, yaani iko palepale na zile za Fleshi ya Moro. Na usiweke kwenye redio ya masafa mafupi au AM, kale kasakiti kanapiga kelele hewani, redio nzima inakuwa zzzzzz. Kwenye rimoti ya mchezo wa mtoto na kinanda nimefurahia.

Dada Sindano:

Habari za usiku. Naomba niseme kuhusu mashine ya presha maana mleta mada katuacha njiani, mama anaendeleaje na alikuwa anapata majibu gani?

Fleshi ya Moro:

Mama mzima dada ahsante. Ilikuwa hivi, betri zimetoka kwenye chaja muda huohuo, naweka kwenye mashine inawasha alama ya betri imeisha, inajaza upepo mkononi inafika katikati inaachia, inaandika kosa. Mama akapandisha presha kwa ajili ya mashine ya presha. Nikakaa na mita ndo nikaelewa. Alkalaini mpya inaanza juu kidogo ya 1.5 inashuka polepole kama mtu anateremka mlima mpaka 0.9. Ya kuchaji yenyewe inakaa kwenye 1.2 muda wote wa kazi, tambarare, afu inadondoka. Sasa mashine imefundishwa kwamba 1.2 ni betri iliyochoka, ikiona nne ziko hivyo inajua tumeishiwa.

Tochi ya mlinzi ndo hiyohiyo kwa upande mwingine. Za kawaida zinafifia, mlinzi anajua kesho aombe hela. Za kuchaji zinawaka vizuri mpaka saa tisa usiku zikakata bila kuaga, mzee wa watu akabaki gizani na panga. Alinirudishia asubuhi zimefungwa kwenye gazeti.

Dada Sindano:

Sawa, ndo maana vitabu vya mashine nyingi za nyumbani vinasema alkalaini. Wekeni alkalaini au adapta ya ukutani kama ina tundu lake. Za bei chee nazo hapana, pampu inavuta umeme mwingi na zinachoka mapema.

Kingine wazazi naomba mnisikilize, hizi betri za kitufe, zile bapa kama shilingi, CR2032 na wenzake, zipo kwenye rimoti ndogo, mizani ya jikoni, midoli inayoimba, hata kadi za pongezi. Mtoto akimeza na ikakwama kooni inaunguza nyama, ndani ya masaa mawili tu madhara makubwa yanaweza kuwa yameshatokea, hata kama imechoka na haiwashi kitu. Usimtapishe, usisubiri atoe chooni, kimbia hospitali useme kabisa kameza betri wapige picha. Kiberiti Kavu na huyo mtoto wako fundi wa kuchomoa betri, funga vifuniko vyote kwa skrubu.

Kiberiti Kavu:

Nimekuelewa dada, hapa nilipo nimenyanyuka nakagua.

Solda Baridi:

Mimi fundi redio, nasoma nacheka maana vitu vyenu nyote vinaishia mezani kwangu. Ule unga mweupe, kama betri ni alkalaini, chukua mswaki wa zamani na siki au ndimu kidogo tu, sugua spring, futa, kausha vizuri kabla ya kuweka betri nyingine. Kama ni ya kawaida ndimu haikusaidii kitu, ile majimaji yake si ya aina hiyo, tumia spiriti na kitambaa. Ya kawaida inavuja kwa sababu lile kopo la zinki ndo upande wa hasi wenyewe, linaliwa kadri unavyotumia mpaka linatoboka. Kitu kisichotumika toa betri. Kila mwezi wa kwanza napokea makeyboard ya watoto yameoza ndani, yamenunuliwa Krismasi ya mwaka juzi.

Na acheni kuchaji betri ambazo hazijaandikwa za kuchaji. Juzi kijana kaniletea chaja imeyeyuka upande mmoja, eti alikuwa "anaziamsha".

Mkia wa Pweza:

Ukidondosha mezani ikadunda imeisha, haijadunda nzima. Hamna haja ya mita.

Solda Baridi:

Ni kwa alkalaini tu na siyo hivyo unavyosema. Princeton kule Marekani walilipima hilo 2015, mdundo unaongezeka mpaka betri ikifika kama nusu, hapo haubadiliki tena. Kwahiyo ikidunda maana yake imeshatumika, inaweza kuwa na nusu nzima unaitupa.

Mtoto wa Nakuru:

Na mnatupa wapi? Shosho alikuwa anazirusha chooni, cha shimo, alisema choo hakijai haraka.

Babu wa Ruvuma:

Hata huku. Na kweli hakikujaa.

Dada Sindano:

Babu na kisima kiko hatua ngapi kutoka hapo?

Babu wa Ruvuma:

Hatua si nyingi. Nimeacha siku nyingi lakini.

Solda Baridi:

Za kuogopa zaidi ni za kuchaji za zamani zilizoandikwa NiCd, zina kadimiamu ambayo ni sumu, zipo kwenye taa za dharura na taa za bustani za sola za zamani. Mimi nakusanya zote kwenye galoni la mafuta la lita tano nawapa wanaonunua vyuma na mabetri ya gari wanikusanyie. Motoni usitupe betri ya aina yoyote, inalipuka usoni.

Fleshi ya Moro:

Wakuu ahsanteni, nimemaliza droo. Nimepima zote na mita, zilikuwa 43. Alkalaini zilizosoma 1.3 kwenda juu nimepata 16, hizo fleshi haizitaki tena ila saa na rimoti zitakula mwaka, nimezifunga mpira. Za chini ya 1.1 zimeenda kwenye galoni. Za kuchaji mita haisemi ukweli maana zote zinasoma 1.2 na kitu, hizo nimezirudisha kwenye chaja mojamoja, feki mbili nimempa sonara abaki nazo kwa kumbukumbu.

Ila leo nimefika ukumbini bwana harusi ameshaingia. Jana nilitoa betri ya saa ya ukutani nikaipima, ikasoma 1.4, nikaisifia, nikaiweka kwenye kile kifungu cha nzima. Saa ilibaki saa mbili na dakika kumi mpaka sasaivi.